Mwiko wa Baba Liam

Juzi, kwenye maegesho ya mtaa wa Al Khuwair, nilimwona Mzungu akitoa garini gongo bapa la mbao, na papo hapo nikahisi harufu ya zafarani.

Gongo kama lile alikuwa nalo jirani yetu wa utotoni mtaani Ghubra, Baba Liam. Kila siku baada ya Alasiri alipiga nalo kijipira kigumu ukutani, pa, pa, peke yake, huku mwanawe akicheza mpira wa miguu nasi mchangani. Kwao Ireland mchezo wa gongo na mpira wa miguu hugombania watoto, na yeye kwa mwanawe alikuwa ameshashindwa. Hayo nimeyajua ukubwani. Siku zile Bibi alilitazama gongo kutoka barazani, akasema, "Mwiko wa halwa ule. Nnaujua."

Nikaamini. Alasiri moja nilichukua kibakuli nikamwendea. "Baba Liam, halwa lini?"

Hakunifahamu. Alidhani nimekuja kucheza. Uso ukamng'aa, akanipa gongo. Nikapiga magoti, nikaanza kusonga mchanga kwa mikono miwili, taratibu, kama wapishi wa halwa ya zafarani wanavyofanya isije ikashika chini.

Liam alicheka mpaka akauacha mpira. Akaja, akanipokonya gongo. "Sivyo. Hushikwa hivi." Akampigia baba yake kile kijipira.

Baba yake alikidaka, akatugeuzia mgongo, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Nikarudi kwa Bibi na kibakuli kitupu. Nikamwambia Baba Liam analia, nadhani halwa yake imeungua.