Jicho Langu Halikuwa Parachichi

"Halijaiva, mama. Rudi mwezi ujao."

Mwenye zahanati alisema hivyo bila kuinuka kitini, tochi yake imelala mezani. Nilikuwa nimetoka Njombe alfajiri, mtoto mgongoni, mpaka Makambako, kuja kuambiwa maneno yaleyale ya mwezi uliopita. Uvumilivu ukaniishia palepale.

"Kwani jicho langu ni parachichi? Nilifukie kwenye pumba liive?"

Benchi zima likacheka. "Mjibu mwenzio, daktari," akachochea bibi mmoja.

"Mama, wewe umesomea udaktari?"

"Nimeishia kidato cha nne. Baiolojia niliyosoma inatosha kujua jicho halitazamwi kwa kisogo."

Alikuwa mmoja wa wale waliofungua zahanati zao binafsi mara tu serikali iliporuhusu. Koti jeupe, kabati la vioo, dawa za kila rangi. Tulimkimbilia, maana kwenye zahanati ya serikali tulipewa pole, dawa hakuna.

Jicho liliumizwa na mwanzi. Nilikuwa nagema ulanzi, pombe ya mianzi, kwa mama mkwe. Unainamisha mwanzi mchanga, unakata ncha, unatega chombo cha kukingia. Mmoja ukaniponyoka, ukanichapa jicho la kulia. Maumivu yalipoa. Baadaye zikaja cheche, kisha vidoa vyeusi kama masizi yanayoelea, kisha kivuli pembeni, kama pazia. Yote nilimweleza yule bwana. Akasema ni mtoto wa jicho, tena mchanga, hatolewi mpaka aive. Akanipa dawa ya matone.

Kwetu nani angebisha? Kila mtu ana shangazi aliyeambiwa asubiri liive. Mama mkwe naye akanituliza: "Vumilia, mwanangu." Nikavumilia kama mjinga. Pazia likazidi kusogea, mpaka nikimnyonyesha mtoto titi la kulia simwoni uso nisipogeuza shingo.

Basi siku ile nilitoka kwenye zahanati yake nikapanda gari la Mbeya badala ya la Njombe. Sikuaga mtu.

Daktari wa macho niliyemkuta huko alikuwa mwanamke. Alinidondoshea dawa ya kupanua mboni, akachungulia muda mrefu. "Hapa hakuna mtoto wa jicho," akasema. "Nani alikwambia usubiri?"

Nikamwambia. Akasonya.

Akanieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga. Wangu ulichanika nilipochapwa, ukabanduka. Ukiwahiwa, unaweza kurudishwa. Wangu uliachwa, makovu yakaota juu yake, na makovu husinyaa.

"Umewahi kuona ngozi ya mbuzi iliyokauka bila kuwambwa?"

Nimeona. Hujikunja, na ukiilazimisha kuikunjua inapasuka.

"Kwa hiyo halitaona tena?"

"Halitaona, mdogo wangu. Ungeletwa mapema, tungejaribu."

Sikulia. Hasira ilizidi machozi. Nikamwomba aniandikie hayohayo kwenye cheti, nikarudi Njombe, moja kwa moja kwenye ofisi ya afya ya wilaya, kumshtaki yule bwana.

Karani akanipokea kwa upole unaokera. "Dada, mambo haya hatuandikiani. Yule anaisaidia jamii. Nendeni mkaongee, mtaelewana."

"Nimeongea naye tangu masika. Lete karatasi."

Niliandika mbele yake, mtoto mapajani:

"Nalalamika kwamba nilimweleza mtoa huduma huyu kuhusu cheche, vidoa na kivuli, naye hakulichunguza jicho langu hata mara moja. Aliniamuru nisubiri. Katika kusubiri huko, utando wa ndani ya jicho ulikunjwa na makovu, na sasa haurudishiki. Cheti cha daktari nimekiambatanisha. Siombi jicho, kwa kuwa hamna la kunipa. Naomba azuiwe kutibu macho, na wote aliowaambia wasubiri watafutwe sasa, wapelekwe kwa daktari wa macho wangali wanaona."

Karani aliisoma, akaiweka pembeni. Nikamwambia sitoki mpaka aigonge mhuri. Akaigonga.