Tusi Asiloweza Kulirudia

Mama Mapazia hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, kabla hamjaanza kumhukumu. Alikuwa fundi, na fundi hasa: ukimpelekea kitambaa na vipimo vya dirisha lako, siku ya kuchukua hukuti mshono uliokwenda upogo hata kidogo. Akikwambia njoo Ijumaa, Ijumaa unakuta pazia limekunjwa, limepigwa pasi, linakungoja. Lakini kwa kununa, jamani, yule mama alikuwa bingwa.

Na hakuwanunia wakubwa. Wenye vyeo wakimpita kama hawamwoni, alisema ndivyo walivyo. Waliomchoma moyo ni wale wa kuhudumia watu. Msichana wa duka la dawa alimpa vidonge huku akipiga soga na mwenzake. Mlinzi wa benki alimshikia mlango bwana mmoja mwenye tai, kisha akauachia ukamrudia yeye puani. Muuza matunda alimwongezea jirani yake ndizi, yeye akafungiwa mfuko hivi hivi. Mambo ya namna hiyo alirudi nayo nyumbani na kumsimulia mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiishi naye, neno kwa neno, na sauti za watu akiziigiza.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku moja, akipepeta mchele, "wewe hata upepo ukikupita bila kukusalimia utanuna."

"Cheka tu. Wewe hukuliona lile jicho alilonitupia."

"Jicho gani? Mtu wa watu alikuwa na usingizi!"

Msimcheke sana, maana jambo hili lilikuwa na mzizi wake. Zamani aliolewa, na hakujaliwa mtoto. Mawifi zake walikuwa na jina lao la kumwita wakidhani hasikii, na mara nyingine wakijua kabisa kwamba anasikia. Walimwita mti mkavu. Alivumilia, akavumilia, mpaka mume akaoa kwingine, naye akaondoka na cherehani yake na sanduku la nguo. Mume alimwacha kule, lakini lile jina alikuja nalo. Tangu hapo akawa mtu wa kuchungulia nyuso, kutafuta nani anamdharau, na ukiitafuta dharau kwa bidii hivyo utaiona hata kwa mtu aliyekuwa anajikuna sikio.

Chumba chake cha kazi kilitazamana na mgahawa mdogo, barabara tu katikati. Kila asubuhi, kabla hajakalia cherehani, alivuka kwenda kunywa chai. Chai peke yake. Hakuwa mchoyo. Vitafunio vina mafuta, mafuta hubaki vidoleni, na kidole cha mafuta kikigusa kitambaa cheupe, umeharibu kazi ya watu. Kwa miaka mingi alihudumiwa na mzee mmoja mtaratibu, ambaye alimletea chai bila hata kuulizwa, akaiweka mezani na kwenda zake. Mzee yule alipochoka na kazi, mwenye mgahawa akaajiri binti.

Binti mwenyewe alikuwa mrefu, miguu haitulii, na wateja wakambatiza Chapuchapu kabla ya wiki kuisha. Alikuwa amefanya kazi kwenye mgahawa mkubwa karibu na stendi, mahali ambapo ukiagiza kitu mhudumu hatembei mpaka jikoni, anapaza sauti hapo hapo alipo na mpishi anaitikia. Akaja na makelele yake. Siku ya kwanza Mama Mapazia alipokanyaga kizingiti, Chapuchapu aligeuka kuelekea dirisha la jikoni akapiga ukelele: "Kavuuu!"

Na mpishi kutoka ndani: "Nimemwonaaa!"

Mama Mapazia alisimama pale pale. Alidhani amesikia vibaya. Akaketi, chai ikaja upesi, ya moto, na binti akatabasamu: "Karibu mama, chai yako hii." Hilo la mwisho halikumwingia. Kilichokuwa kichwani mwake ni lile neno la kwanza tu.

Kesho yake, Kavuuu. Keshokutwa, Kavuuu. Ikawa anaitwa hata kabla hajafika mlangoni, bado yuko katikati ya barabara! Wateja wengine nao walipigiwa makelele yao, ya mkate, ya mayai, ya maziwa, lakini hayo hakuyasikiliza. Alijiuliza nani amemwambia huyu mtoto. Labda wifi mmojawapo anapita hapa. Labda mji mzima unajua. Alikunywa chai yake, akajikaza kisabuni, akarudi kushona.

Angeweza kuuliza. Nyinyi mngeuliza, najua, hodari nyinyi. Lakini ungeulizaje? "Samahani, kwa nini unaniita mkavu?" Mbele za watu? Hapana. Aliona bora afe na njaa.

Kikombe kilifurika siku aliyokuja na mwalimu mkuu wa shule moja kubwa, mama mwenye heshima zake, aliyetaka mapazia ya ukumbi mzima. Wakavuka pamoja wakazungumzie kazi mezani. Chapuchapu akawaona. "Kavuuu!" akaita, "na leo Kavu ana mgeni!" Waashi wawili waliokaa pembeni wakaangua kicheko, cha mambo yao, lakini nani angemwambia hivyo? Mwalimu mkuu akatabasamu. Mama Mapazia akahisi damu yote imempanda usoni. Alizungumza ovyo, akasahau hata kuuliza madirisha ni marefu kiasi gani, na mgeni alipoondoka akaenda moja kwa moja kwa mwenye mgahawa, nyuma kwenye stoo.

"Yule binti wako ananitukana," alisema. "Kila siku, mbele za watu. Nimenyamaza, nimechoka."

Mwenye mgahawa alikuwa mzee mpole, na mapazia ya mgahawa wake yote yalitoka kwenye mikono ya huyu mama. Akaweka chini gunia la sukari. "Amekutukana? Tusi gani?"

"Siwezi kulirudia."

"Mama, mimi ni mtu mzima. Sema."

"Kinywa changu hakitamki uchafu ule."

Basi mzee wa watu akawaza makubwa. Mawazo yake yakaenda kwenye matusi yale ya nguoni ambayo hata mlevi huyasema kwa kujificha. Akamwita Chapuchapu, naye akaja mbio, kitambaa cha kufutia meza begani.

"Umemtukana mama huyu?"

"Mimi?" Binti akamgeukia Mama Mapazia. "Mama, nimekutukana nini?"

"Unalijua mwenyewe."

"Haki ya Mungu silijui. Nitajie basi, mama. Nitajie hata nusu yake."

Mama Mapazia akakunja mikono, akatazama ukutani. Binti akaanza kulia, na mzee akaona kilio kile ndilo ungamo lenyewe. Akamwambia avue aproni. Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la sukari, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nisiwafiche, fundi wetu alishona vizuri sana mchana ule. Hata kuimba aliimba.

Mhudumu mpya alikuwa mwanamume wa makamo asiye na haraka na dunia. Chai sasa ilichelewa, na Mama Mapazia, kama kawaida yake, akaanza kuhesabu na hilo kuwa ni dharau. Ndipo asubuhi moja mwashi mmoja wa wale wawili, chokaa bado viwikoni, akaketi meza ya jirani akishika tumbo.

"Leo sili kitu," alimwambia mhudumu. "Nipe kavu."

"Kavu moja!" mhudumu akaita.

Mama Mapazia akaduwaa, kikombe mkononi. "Umesema nipe nini?" akamwuliza mwashi.

"Kavu, mama. Chai bila kitafunio. Si ndiyo unayokunywa wewe kila siku?"

Mpishi akachomoza kichwa dirishani, anacheka. "Huyo? Huyo ndiye mwenye kavu yake! Nilimwambia Chapuchapu tangu siku ya kwanza anachokunywa, naye alikuwa akimwona tu anafunga mlango kule ng'ambo, ananipigia kelele nimimine. Aliniambia, yule mama akifika asingojeshwe, ana kazi za watu. Ndiyo maana siku hizi unakaa sana, mama. Hakuna wa kukuangalia ukija."

Aliwaitikia kitu, hata hakumbuki nini. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kikombe chake. Akaiacha chai nusu, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, akajifungia. Na hapo ndani, nisimsingizie, wazo la kwanza lililomjia ni hili: hakuna ajuaye. Neno hakulitaja kwa mtu yeyote. Akinyamaza, yamekwisha. Alikaa na wazo hilo mpaka jioni, likakataa kutulia.

Nyumbani akamwambia mdogo wake yote. Mara hii mdogo wake hakucheka.

"Na kwa yule mzee, hilo neno ulilitaja?"

"Sikulitaja."

"Kwa hiyo binti wa watu mpaka leo hajui amefukuzwa kwa lipi."

"Hajui."

"Dada," mdogo wake akasema, "kesho usikae kwenye hiyo cherehani kabla hujatengeneza hili."

Asubuhi akaenda stoo kwa mwenye mgahawa, akalitamka neno ambalo alisema kinywa chake hakitamki.

"Kavu?" mzee akauliza.

"Kavu."

"Mama, yaani mimi nimemfukuza mtoto wa watu kwa sababu ya chai?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Arudi, arudi hata leo," mzee akasema, akijifuta jasho. "Lakini nenda wewe. Mimi sina uso wa kumtazama." Akamwelekeza nyumbani kwao.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, uani kamba zimejaa nguo za watu, maana mama yake binti alikuwa dobi. Alimkuta akikamua shuka. Mama Mapazia alipojitambulisha kwamba ndiye fundi wa mapazia wa pale mgahawani, dobi aliiachia ile shuka ikarudi kwenye beseni. Akafuta kigoda kwa kanga yake, akamkalisha, na kabla mgeni hajafungua mdomo akaanza yeye.

"Mama, tusamehe. Ningekuja mimi kwako, aibu ndiyo iliyonizuia. Binti yangu sikumlea hivyo."

"Hapana, mama, nisikilize..."

"Amekiri. Mwanzoni alikataa, nikamkalia kooni, sikumsemesha, mpaka akasema mwenyewe." Dobi akashusha sauti, macho chini. "Alisema alikuita mgumba. Nilimpiga, mama. Mtoto mkubwa yule, nilimpiga."

Neno lile halikuwa limetamkwa mbele ya Mama Mapazia miaka mingi, na sasa limetamkwa, na aliyelileta ni yeye mwenyewe.

Wakati huo Chapuchapu akaingia uani na ndoo ya maji. Alipomwona mgeni miguu ile isiyotulia ikasimama. Akatua ndoo. "Shikamoo mama," akasema, na akabaki pale pale alipo, mbali.

"Hakuniita hivyo," Mama Mapazia akamwambia dobi. "Hakunitukana kabisa. Alisema kavu. Alikuwa ananiagizia chai, mimi nikadhani ananisema mimi."

Dobi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamgeukia binti yake. "Sasa kwa nini ulikiri?"

"Ulikuwa husemi na mimi," binti akajibu. "Nilikwambia labda nilimwita mchoyo, ukasema mtu hafukuzwi kwa hilo. Nikasema labda nilimwita mzee, ukasema bado nakuficha. Nikatafuta kubwa zaidi, mpaka ukaniamini."

Dobi akaketi chini, penye majimaji ya sabuni, akafunika uso kwa kanga.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Mapazia akasema. "Mzee anasema urudi kazini, hata leo."

"Yameisha, mama." Alilisema vile watu wanavyolisema. Halafu akauliza, kwa adabu, kama mtu anayetaka kweli kujua ili asikosee tena: "Lakini kavu, mama, ilikuudhi kwa nini?"

Hapo hapakuwa na ukuta wa kutazama. Mama Mapazia akashika magoti yake. "Nilidhani unanicheka kwamba sina mtoto," akasema.

Chapuchapu akamtazama kwa mshangao. "Mimi sikujua kama huna," akasema. "Kila siku nilikuwa nakuita mama."