Pilau Iliyomaliza Filamu ya Jirani

Wiki iliyopita nilikwenda Walthamstow, mashariki mwa London, kununua bamia sokoni, miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa wetu wa zamani. Nyumba ya jirani imegawanywa vyumba vya kupanga, mlangoni kuna kengele nne. Nilisimama pale nikijifanya natafuta simu mkobani. Ningekwambia nini, rafiki yangu? Kwamba mwanamke mzima ameshikwa na machozi kwa ajili ya mlango?

Jirani huyo alikuwa Mwingereza, mtayarishaji wa filamu. Alianza kwa kuchemsha chai studio, akapanda hadi akawa yeye ndiye wa kutafuta hadithi, waigizaji na mahali pa kupigia picha. Alitengeneza filamu za vita, za mapenzi, na moja ya farasi iliyonyeshewa na mvua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tuzo yake ya pekee, sanamu nzito ya shaba, ilizuia mlango wa jikoni usijifunge. Nilipomwuliza mtayarishaji hufanya nini hasa, alijibu: "Huhakikisha watu wamefika, wamekula, na jua halijazama."

Mama alikuwa nesi, hakai nyumbani. Nililelewa na nyanya, aliyetoka Mombasa akiwa mtu mzima na hakujua Kiingereza zaidi ya salamu, kwa hiyo mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Jirani alikuwa mjane, harufu ya iliki ikamvuta kwetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe lilikuwa kitunguu saumu. Mzee alikaa jikoni akimenya, akisimulia visa vya waigizaji wenye maringo, nami nikimtafsiria nyanya na kutia chumvi pale hadithi ilipopoa.

Nilipofika miaka kumi, wakubwa wa filamu walikuwa wameshamsahau. Simu yake haikulia tena. Akaamua kutengeneza filamu moja ya mwisho, fupi, kwa msaada wa marafiki wa zamani: familia imeketi mezani, inamngoja mtoto wao atue uwanja wa ndege wa Heathrow. Aliomba sebule yetu na pilau ya nyanya. Waigizaji walikuwa na Jumamosi moja tu, ya Desemba, na Desemba ya London jua huaga kabla ya saa kumi. Siku hiyo ikipita, basi tena.

Asubuhi aliniita pembeni. "Mwambie bibi chakula kisiguswe mpaka tumalize. Ni cha kupigwa picha tu."

Sikumwambia. Nyanya alikuwa ameamka alfajiri kukaanga vitunguu. Ningemwambiaje kwamba wageni wanakuja nyumbani kwake kutazama pilau yake kama maua ya mezani? Niliona aibu.

Saa saba mwongozaji wa filamu alitoka na waigizaji kupiga picha za barabarani. Mzee alibaki sebuleni na mafundi wa taa na dada mmoja mwenye maikrofoni. Nyanya akawatazama.

"Hawa wana wa watu wamekula?" akaniuliza.

"Bado, Nyanya," nikajibu.

Akachukua birika na beseni, akawanawisha mmoja mmoja, akianza na mkubwa wao, kisha akafunua sinia. Wale wa nje waliporudi walikuta mifupa.

Nyanya alikuwa tayari kupika nyingine, lakini nyama ingeiva saa ngapi? Jua lilikwenda zake, waigizaji wakaenda zao, na ile picha ya mezani, iliyobeba filamu nzima, haikupigwa kamwe. Nyanya aliosha sinia akiimba, maana wageni wameshiba. Mimi nilijifungia bafuni nikalia.

Nilibeba kosa hilo miaka tisa. Nyanya alipofariki, mzee alikuja kutupa pole, amekonda, anatembelea mkongojo. Nikamweleza yote: kwamba ujumbe wake sikuufikisha, kwamba filamu yake niliiua mimi.

Akaniuliza, "Wa kwanza kula alikuwa nani?"

Ndipo nilipokumbuka. Birika lilianzia kwake.

"Nilijua nikitia tonge mdomoni, filamu imekwisha," alisema. "Lakini maisha yangu yote kazini nimelisha watu, mimi mwenyewe nakula wima. Bibi yako alinishika mkono, akanimwagia maji ya vuguvugu, akanionyesha kiti. Ungenitaka nimwambie nini?"

Naye sasa amemfuata nyanya. Filamu zake nyingine nimezitafuta, nimezitazama zote, hata ile ya farasi. Jina lake hupita mwishoni, mbiombio, wakati watu wanasimama kuvaa makoti. Hakuna hata moja inayomwonyesha alivyoketi mezani kwetu Jumamosi ile, mafuta ya pilau yaking'aa kidevuni, akimnyooshea nyanya sahani aongezewe.