Bafle Niliyoivisha Kitambaa Chekundu

Mwanangu, wewe unayetaka kujenga bafle ya besi, sanduku la spika la sauti nzito, leo na kuiwasha kesho, keti kwanza. Ipo siku moja ya Butembo ambayo nimetembea nayo mpaka Kamango, mpaka Bunia, mpaka ng'ambo ya Uganda, na bado sijaitua.

Nilikuwa na umri kama wako. Dada yangu Masika alikuwa ameolewa Beni, na Koko, bibi yetu, hakwenda harusini kwa sababu miguu yake haikuiweza barabara. Masikio yake nayo yalikuwa yameanza kufunga. Alisikia vitu vizito tu: lori, radi, ngoma kubwa ya kwaya. Akatuambia, "Miye, bila kusikia ngoma, sitaamini kama Masika aliolewa."

Habari ikaja kwamba Jumamosi wakwe wangetuletea diski ya harusi, tuitazame pamoja sebuleni. Televisheni tulikuwa nayo, lakini sauti yake ilikuwa ya mbu. Nikaahidi mbele ya nyumba nzima kwamba nitajenga bafle ya besi kwa mikono yangu, na Koko ataisikia ngoma ya mjukuu wake.

Spika niliitoa kwenye gari bovu, pana kama sinia. Mbao za libuyu zilikuwa zimeshuka kutoka Mabalako wiki ileile. Nikazipeleka kwa Papa Paluku, seremala wa mtaa wetu, anikatie. Akainua moja, akainusa.

"Kambale, hii mbao ingali mubichi. Iache ikauke kwanza."

"Papa, bakwe banakuya samedi."

"Mbao haijue samedi."

"Weye unajua vitanda, Papa. Hii ni mambo ya muziki."

Akacheka kidogo, akanikatia. Wazee wa kwetu hawashindani na aliyekwisha kujiziba masikio. Wanamwachia dunia imfundishe.

Nikapigilia sanduku, nikalipaka vernis ya kung'aa, nikaliweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, ili likauke upesi. Butembo ni baridi, nawe unaijua. Kufikia Ijumaa pembe mbili zilikuwa zimeachana, ukucha ungepita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba wala sikujenga: nilinunua kitambaa chekundu kizuri, nikalivisha sanduku zima. Hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu. Haraka ni ujana tu, lakini kile kitambaa nilikichagua.

Jumamosi wakwe wakafika, wakaisifu rangi. Koko tukamkalisha mbele, tukaweka diski. Kwaya ikaimba, na ngoma ilipoingia, bafle yangu ikakoroma, ikapuliza, ikatetemeka kama sufuria lenye kifuniko kibovu. Shemeji mmoja kati ya wakwe akainama kwangu.

"Semeki, ile ni ngoma ao ni bati inaanguka?"

Watu wakacheka. Koko hakucheka. Alinitazama taratibu, akasema, "Mulisema mutaniletea ngoma. Juu ya nini munaniletea nzi?"

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa zima. Uso ndio uliovunjika.

Jumatatu nikaibeba bafle mpaka kwa Papa Paluku. Aliwasha grupu yake, jenereta ya umeme, akaniambia nipige muziki, kisha akalowesha kiganja kwa maji, akakipitisha polepole kwenye pembe. "Na weye, lowesha mukono." Nikalowesha. Chini ya kile kitambaa upepo ulikuwa unanipuliza vidole.

"Uliona?" akasema. "Ngoma ya Koko inatokea hapa, inapotea. Bafle ni nyumba ya pumzi, Kambale. Weye ulijenga nguo."

Nikamwomba gundi nizibe nyufa. Akakataa. Nikamwambia Koko amezeeka, huenda asingojee. Akasema, "Basi omba Mungu, lakini mbao itakauka." Tukanunua mbao nyingine, tukazipanga juu ya dari yake, tukiweka vijiti katikati ili hewa ipite. Kila asubuhi nilipanda kuzigeuza, na kila asubuhi nilipita kwanza kwa Koko kumsikiliza akikohoa. Sijapata kungoja namna ile tena maishani.

Zilipokauka tuliunganisha polepole, gundi na unga wa mbao kila pembe, na mkono wenye maji ukipita kila mahali. Kitambaa hatukuvisha.

Tukaweka diski ileile waliyotuachia wakwe. Koko alikuwa amevua viatu, nyayo zake sakafuni. Ngoma ilipopiga, niliona mkono wake ukishika kiti, kisha vidole vikaanza kuifuata. Sakafu ilikuwa inampigia. Machozi yakamtoka, naye akasema kwa sauti, kama anayetangaza kanisani, "Ah. Masika ameolewa."

Bafle ile ingali sebuleni kwetu. Kila nirudipo kutoka safarini ninalowesha mkono na kuupitisha kwenye pembe zake. Hakuna upepo. Ninasimama pale, na ninajivuna, sikufichi.

Basi, mwanangu: ngojea mbao yako ikauke, hata kama umeahidi samedi. Ukiuona ufa, usiuvishe nguo. Mwambie fundi, na ucheke mwenyewe kabla hujachekwa. Na jua unamjengea nani, maana masikio yake ndiyo kipimo. Mungu akupe mikono isiyodanganya, na mtu wa kukalisha mbele ya kazi yako, naye asikie.