Navrátil, Maana Yake Alirudi

Mwaka 2018 nilianza kumtunza mzee mmoja wa Mansfield, Texas, ambaye jina lake la ukoo lilinishinda kulitamka kwa wiki nzima. Liliandikwa kwenye sanduku la barua, kwenye chupa za dawa na kwenye kibao juu ya mlango wa gereji: Navratil. Mimi nililisoma kama tulivyofundishwa kwetu Muheza, kila herufi na haki yake, na binti yake akacheka. Nasema binti, lakini alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, mvaaji wa raba hata kanisani. Alinirekebisha kwamba ile a ya katikati huvutwa. Kwa Wacheki, ndiyo asili yao, huwekewa alama juu yake. Mababu zao walipofika Texas alama ilidondoka na hakuna aliyeinama kuiokota.

Siku moja tukikunja nguo nikamuuliza jina lina maana gani. Huwa nauliza, maana kwetu jina ni habari: umezaliwa kwenye misiba, unaitwa Tabu, na utaitika Tabu mpaka kaburini. Akasema ni kitenzi. Kuna mtu alikwenda, kisha akarudi, basi. Nikasimama na fulana ya mzee mkononi. Kiingereza kinahitaji maneno mawili kulisema hilo, lakini Wacheki nasi tunalimaliza kwa moja: Alirudi. Sentensi nzima imekaa kwenye kitambulisho cha mtu.

Yeye alilisema kwa fahari. Mimi nywele zilinisimama. Watu hurudi kila siku, kutoka sokoni, kutoka safarini, na hakuna anayewapa jina kwa hilo. Anayeitwa Alirudi ni yule ambaye hakutarajiwa tena.

Akanieleza asili yake kama yuko mbele ya darasa la tano. Majina ya kitenzi cha wakati uliopita ni ya Moravia hasa, upande wa mashariki wa nchi yao. Kuna ukoo wa Aliharakisha, kuna ukoo wa Alimfikia aliyetangulia. Lao ni la kawaida sana huko, tena halina mwanzo mmoja. Wengine husema wa kwanza alitoka vitani matanga yake yameshaanuliwa. Wengine, alikuwa mtumwa wa shamba aliyemtoroka bwana wake kisha akajirudisha. Wengine, aliacha dini ya wakubwa akairudia kwa kuogopa. Nikamuuliza yeye anaamini ipi. Akasema ya vita, maana ndiyo nzuri. Mimi niliamini ya mtoro.

Kiswahili nacho kina ubaya wake. Kurudi ni kuja tena, na kumrudi mtu ni kumtia adabu. Mama yangu alikuwa hodari wa yote mawili: akirudi kutoka shambani, ananirudi. Nilipomuaga kuja Marekani nilimwahidi miaka miwili. Nilipoanza kazi ya Mansfield ilikuwa ya tisa, na wakili wetu wa Houston alikuwa amenikataza nisivuke mpaka kabla kadi ya ukaazi haijatoka, la sivyo ombi lingehesabiwa nimelitupa. Mume wangu ni dereva wa malori, mtu wa maneno machache. "Uki-travel sasa hivi ume-abandon kila kitu," aliniambia. "Watoto utawaacha na nani? Subiri kadi."

Nikasubiri, na mzee akaendelea kuliwa na ugonjwa wa kusahau. Alizaliwa Texas, kwenye shamba la pamba kusini mwa Dallas, na Moravia hakuwahi kuikanyaga. Lakini ugonjwa ulianza na Kiingereza chake. Kilichobaki ni Kicheki cha utotoni, na humo neno moja alilokuwa akining'ang'ania nalo: domů, nyumbani. Anavaa kofia, anashika kitasa, domů. Ukimwambia hapa ndipo nyumbani anakutazama kama mwizi aliyeingia na uwongo wake.

Jumapili moja tulimpeleka kwenye makaburi ya wazee wao, tukidhani atatulia. Sijawahi kuona jina likijaa hivyo. Safu baada ya safu, Navratil, Navratil, mengine bado na alama yake juu, yamechongwa kwenye mawe ya watu waliovuka bahari na hawakuvuka tena. Kila jiwe lilisema alirudi, na chini yake amelala mtu ambaye hajarudi popote. Binti yake alikuwa akipangusa majani makavu, ameridhika. Mimi niliomba twende, nikasingizia jua.

Ndipo mama akaanza. Kwenye simu, asubuhi yangu, jioni yake, aliniuliza kama huku mvua imenyesha. Nikajibu. Baada ya dakika mbili akauliza tena, kwa sauti ileile na hamu ileile. Mara ya tatu niliketi kwenye ngazi za nyumba ya mzee. Mtu mwingine angesema ni uzee. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua kwamba si uzee.

Tangu siku hiyo nilimtazama mzee kwa jicho baya. Nilihesabu alivyotangulia. Funguo ndani ya jokofu: yeye Agosti, mama Februari. Kuogopa maji ya kuoga: yeye Novemba, mama Mei. Alikuwa mbele ya mama kwa miezi sita, na kila asubuhi nilipofungua mlango wake nilikuwa nikichungulia nyumba ya Muheza. Nilitaka jambo moja tu, nalisema wazi: nifike angali ananijua.

Septemba 2019 binti wa mzee aliingia na vimkate vitamu vya plamu alivyooka mwenyewe. Mzee akanishika mkono, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa, mimi na weusi wangu huu, akaniuliza kitu huku akimnyooshea yule mwanamke kidole. Sikuelewa maneno, nilielewa uso wa binti. Baadaye akaniambia baba aliuliza yule mgeni ametumwa na nani. Kisha binti alikwenda kusimama gerejini peke yake. Nilimhurumia kweli, na haya nayasema kwa aibu: wakati huohuo nilikuwa nahesabu kwa vidole. Septemba, jumlisha sita. Machi.

Kadi ilikuja Januari. Mume wangu alikuwa barabarani mpaka katikati ya Machi na watoto hawakuwa na mtu mwingine, kwa hiyo tukakata tiketi ya wiki ya mwisho ya mwezi huo. Nilinunua kanga, sabuni, viatu vipana vya mama. Mke wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtunza mama, na ambaye mimi naye hatukuwahi kuiva, alinipigia mwenyewe. "Wifi, usichukie," alisema. "Siku hizi ananiita kwa jina lako. Mimi naitika tu." Nikamshukuru. Nilipokata simu nilipiga mlango wa gari teke mpaka ukabonyea. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nililijua hilo kabla ya kuzaliwa, lakini kulijua hakukunisaidia kitu.

Kisha korona. Siku nne kabla ya safari ndege ikafutwa. Nilipiga Muheza kuwaambia, na kaka akampa mama simu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mwanao wa Marekani. Shikamoo."

Akaitikia marahaba kwa ile adabu anayompa mpita njia. Kisha akaniarifu, bila haraka, kwamba mwanawe wa Marekani amesharudi. Tangu juzi. Yuko jikoni, anampikia uji. Na kweli nikamsikia wifi akiuliza kwa mbali kama aongeze sukari.

Kazini tunafundishwa tusibishane nao. Mara ngapi nilimwambia binti wa mzee, usimsahihishe, mfuate alipo. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumtajia kovu la goti langu, na mwalimu aliyemfuata mpaka nyumbani kunishtaki, na kila fimbo aliyonichapa. Nikamfuata alipo.

"Vizuri, mama," nikasema. "Basi usimwache aondoke tena."

"Huyu haondoki," akasema mama. "Aliyeondoka ni yule wa kwanza."