Bwana Shamba na Tusi la Mnyapara

Habari imenikuta Bigwa nikipepeta maharage: yule bwana shamba wetu wa zamani amefariki. Ungo nikauweka chini. Jamani, mtu aliyepanda milima ya Uluguru kama mbuzi, presha tu imwangushe? Naandika haya, wasomaji wangu, bado sijaamini.

Alikuja kijijini kwetu miaka ya ujamaa, kijana wa Kinyamwezi, kaptula imenyooka. Asubuhi moja akatukuta shamba la kijiji tumelima matuta ya kushuka na mteremko. Yale ya kukinga maji tulilazimishwa na mkoloni, tukayachukia. Akanigeukia mimi, mama wa watoto watano: "Bladifuli! Mvua ikinyesha udongo wote unakwenda mtoni!" Majembe yakasimama. Tusi hilo nililijua. Baba yangu alikata mkonge upande wa Ngerengere, na msimamizi mzungu alimwita hivyo kila asubuhi. Niliwahi kumuuliza baba maana yake. Akasema, "Ni mjinga tu, ila ukiitwa hivyo huruhusiwi kujibu." Leo linatoka kinywani mwa mweusi mwenzangu!

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Siku zile mtumishi kumtukana mkulima ilikuwa kesi. Barua ikifika wilayani, kazi imekwisha. Lakini watu walimhurumia, na Wanyamwezi ni watani zetu sisi wa Uluguru, hututukana hata msibani. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, si alikuwa anakutania tu huyu?" Kijana ananitazama, jasho linamchuruzika.

"Hata kidogo," nikasema. "Mtani akinitukana namrudishia, tunacheka. Hili tusi la mnyapara. We mjukuu wa wapagazi wa Kinyamwezi, nani kakufundisha?"

Angeweza kuukumbatia utani, akaokoka. Akasema, "Shikamoo mama. Sikukutania. Chuoni mwalimu wetu mzungu alituita hivyo kutwa. Nikadhani ndivyo kazi inavyosimamiwa."

Nikasema barua isiandikwe; ashike jembe, tubomoe matuta pamoja, na atueleze sababu kwa Kiswahili. Akalima wiki nzima, viganja vikachubuka, nami namtukana kiutani, naye ananirudishia. Alipotueleza vizuri, matuta tukayakingamisha wenyewe.

Mkoloni tulimwondoa, ulimi wake tukauacha umekalia viti vya ofisi. Enyi wajukuu wenye vyeo, tusi ulilomeza kwa mkubwa wako usimtapikie mdogo wako. Na ukiulizwa, sema kweli, kama yule kijana aliyeisema kazi yake ikiwa mkononi mwangu. Huyo ndiye ninayemlilia.