Propela Iliyopimwa kwa Karafuu

Nilikuwa nimetangaza Mtambile nzima, dukani, barazani, hata msikitini mtu akikosea kunigeukia, kwamba mchumba wangu wa Chokocho ataletwa kwangu ndani ya gari langu mwenyewe. Si kwa gari la ng'ombe, nilisema, kama mzigo wa makuti. Mdomo huponza kichwa, na wangu haukuwa na breki.

Gari lenyewe lilikuwa lori la bodi ya mbao nililoachiwa na ami yangu. Giaboksi lake lilikufa, nikatia jingine nililolitoa kwenye lori bovu la aina nyingine. Lilikuwa fupi kuliko la mwanzo, lakini liliingia. Na kwa vile njia za mashamba zilikuwa zikilikwaruza tumbo, niliongeza vipande vya springi nyuma, gari likanyanyuka likawa na maringo. Ikabaki propela, lile bomba refu linalotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Ilikuwa ya vipande viwili, kimoja kimechomekwa ndani ya chenziwe, ili iweze kurefuka na kufupika gari linapodunda. Niliipima siku gari limejaa magunia ya karafuu. Msimu wa karafuu nani ana gari tupu? Springi zimelala, propela ikakaa sawasawa, nikapangusa mikono na kujiita fundi.

Kabla ya kutaja siku ya harusi, wanawake wa upande wa mchumba walitaka kuja kuitazama nyumba. Mkubwa wao alikuwa shangazi yake. Huyo akisema la, hakuna wa kusema ndiyo. Nikaenda kuwachukua mwenyewe, gari limejaa karafuu za kushusha huko huko; magunia yakishuka, wao wakipanda, mabuibui na harufu ya udi, mabenchi yamejaa mpaka nyuma. Gari lilikwenda vizuri ajabu, nami nikapiga honi pasipo na mtu.

Tukafika kwenye mlima. Kwetu, abiria mwenye adabu hangoji kuambiwa: mlima ukiwa mkali hushuka akapanda kwa miguu, asilitese gari la mwenziwe. Shangazi akagonga bodi.

"Simamisha, mwanangu. Twashuka tulipunguzie."

"Kaeni tu, shangazi, linaweza."

"Hata! Hatwendi kwa mkwe tukamuulia gari."

Wakashuka wote. Nikahisi springi zinainuka na gari linapanda juu nyuma. Nilipoachia klachi, chini kukalia kishindo cha chuma. Injini ikanguruma peke yake, gari likaanza kurudi nyuma. Breki ya mkono ya lile giaboksi ilikuwa ikishika hiyo hiyo propela, kwa hiyo niliivuta bure. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, na hapo ndipo nilipokwama, kwani nikiinua mguu gari linateremka.

"Mawe!" nikapiga kelele. "Tieni mawe nyuma ya magurudumu!"

Nani wa kutia? Wakwe zangu. Kwenye kioo nilimwona shangazi amepandisha buibui lake la kutokea, amelikumbatia jiwe kifuani, anakuja nalo akitweta. Niliona haya mpaka masikio yakaniwasha.

Mawe yalipokaa, nikaingia chini ya gari. Propela imechomoka, kipande kimoja kimelala mchangani, springi zilipoinuka ikapungukiwa na upana wa vidole viwili tu. Nilijua dawa yake, na dawa ilikuwa na aibu kuliko maradhi. Gari lilitaka mzigo ili springi zilale. Na mzigo uliokuwapo ni wao.

"Shangazi," nikasema kutoka huko huko chini, maana kutoka sikuthubutu. "Naomba mpande tena. Mkae nyuma kabisa, nyote."

"Kwani latengenea tukikaa?"

"Ndiyo, shangazi."

Akawageukia wenziwe. "Kumbe sie ndo magunia."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Walipanda mmoja mmoja, mbao zikalia juu ya kichwa changu, nami nimelala chali chini ya wakwe zangu, grisi inanidondokea kidevuni, nikaichomeka propela mahali pake.

Tukapanda mlima. Nyumbani mama yangu alikuwa mlangoni anawakaribisha kwa bashasha. Shangazi hakuinuka.

"Tushuke," akaniuliza mbele ya mama, "au tukae?"

Jibu lao halikuchelewa. Nyumba wameipenda, mtoto wamenipa. Ila gari la ng'ombe la kumleta limeshaagizwa.

Nikairefusha propela, safari hii nikipima gari likiwa tupu. Nikaujaribu mlima ule ule, kupanda na kushuka, kisha nikaenda Chokocho kuomba nimlete mwenyewe. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nnakuamini, baba. Basi gari lako litie vyombo. Vyombo havishuki mlimani."

Siku ya kumhamisha, baada ya fungate, mke wangu alitangulia kwa gari la ng'ombe, kajifunika kanga, wanawake wanaimba. Mimi nikafuata nyuma kwa gia ya kwanza, na kitanda na masufuria. Kwenye mlima wanawake wakashuka kuwapunguzia ng'ombe, wakasimama kando ya njia kunipisha.

Gari lilipanda. Lakini hakuna aliyelitazama gari. Wote waliinama kutazama chini yake, na juu ya gari la ng'ombe mke wangu akafunua kanga kidogo, akainama naye.